Tumba Lisilofunguka: Niliyofunzwa na Fukusi wa Maua ya Mtufaha

Ukitaka kujua kama fukusi wa maua ya mtufaha yupo shambani kwako, nenda kwenye mti wa mwisho ulio jirani na msitu, siku maua yamechanua kweli kweli, utazame kishada kimoja kimoja. Kishada cha mtufaha kwa kawaida kina maua matano au sita. Manne yatakuwa yamefunguka, meupe yenye wekundu kidogo pembeni, na nyuki wanaingia na kutoka. La tano limebaki tumba. Limegeuka rangi ya kahawia, petali zake zimekauka zikashikana kwa juu, na ukilipitia kwa haraka utadhani ni karafuu iliyokwisha kuanikwa ikarudishwa mtini.

Lichume, ulibandue kwa ukucha. Petali zinatoka zote kwa pamoja kwa sababu zimegandana. Ndani hakuna stameni wala pistili, yaani viungo vya kiume na vya kike vya ua; vimeliwa vyote. Kimebaki kinyesi kikavu cha rangi ya hudhurungi, na katikati yake buu jeupe lisilo na miguu, limejikunja nusu duara, kichwa chake cheusi. Ukilimwaga kiganjani linajinyonga polepole lakini haliendi popote, maana halikuumbwa kwenda popote. Lilianguliwa humo, limekula humo, na lingegeuka pupa humo humo.

Nimefanya kazi katika mashamba ya matufaha ya Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza, kwa misimu mingi sasa: kupogoa wakati wa baridi, kupunguza vitunda kiangazi, kuchuma kuanzia Agosti. Katika wadudu wote tunaohangaika nao, huyu ndiye aliyenifunza zaidi. Naandika kwa sababu naona watu wengi wanaoanza kilimo hiki wanakutana naye kwa mara ya kwanza siku ambayo hakuna tena la kumfanya. Wanaona matumba ya kahawia, wanashtuka, wanakimbilia bomba la dawa. Tumba la kahawia ni habari ya mwezi uliopita. Yai lilitagwa wakati mti bado unaonekana mtupu, na uamuzi wa kumzuia au kumwacha ulipaswa kufanywa wakati huo.

Jina lake la kisayansi ni Anthonomus pomorum. Linnaeus, mwanasayansi wa Sweden aliyeanzisha utaratibu wa majina haya, alikwisha kumwandika mwaka 1758, kwa hiyo si mgeni wa juzi. Huyu ni mdudu wa Ulaya aliyezoeana na mitufaha tangu zamani. Ni mdogo sana, milimita nne hadi sita hivi, rangi yake kahawia iliyochanganyika na kijivu. Mgongoni, juu ya yale mabawa magumu, ana alama hafifu ya weupe yenye umbo la herufi V, na hiyo ndiyo ninayoitafuta kwanza nikitaka kuwa na uhakika. Kisha natazama mdomo: mrefu, mwembamba, umepinda kidogo kwenda chini, na vipapasio viwili vimeota katikati yake. Taya ziko kwenye ncha kabisa, ndogo mno kwa jicho, lakini zinatosha kutoboa tumba mpaka kwenye moyo wake.

Mwaka wake unaanza kabla ya wetu. Tangu katikati ya kiangazi kilichopita amejificha chini ya magome yaliyobanduka, kwenye majani makavu, kwenye vichaka vya mpakani na pembezoni mwa msitu. Mwishoni mwa Februari au ndani ya Machi, joto la mchana likianza kugusa nyuzi 10 hivi, anaamka. Siku za mwanzo anapanda shina kwa miguu. Joto likizidi anaruka, ingawa si kwa mwendo mrefu, na ndiyo maana safu zinazopakana na msitu huumia kuliko zile za katikati. Kwenye shamba moja nililofanyia kazi ungeweza kutembea kutoka ukingoni kwenda ndani na kuona matumba ya kahawia yakipungua safu baada ya safu, mpaka ukafika mahali ambapo hayapo kabisa. Aliyepima shamba hilo kwa kutazama mti mmoja wa ukingoni angesema msimu umekwisha. Aliyetazama mti mmoja wa katikati angesema hakuna tatizo. Wote wawili wangekuwa wameona kweli kipande cha shamba, na shamba lenyewe hawakuliona.

Akifika mtini anakula kwanza. Anatoboa matumba yaliyovimba, na pale alipotoboa hutokea tone la utomvu linalong'aa. Tone hilo hukauka upesi, lakini ukitembea asubuhi yenye jua la chini, ukiinama mpaka tumba likawa kati yako na mwanga, utaliona. Hiyo ndiyo dalili ya mapema kuliko zote, na haimgharimu mtu chochote isipokuwa shingo.

Jike akishapandwa hutafuta matumba ya kutagia. Nimewahi kumtazama mmoja akiifanya kazi hiyo jioni, kwa kioo cha kukuzia na taa ya kichwani, kwa kuwa hawa ni wadudu wa jioni na usiku zaidi kuliko wa mchana. Alisimama juu ya tumba, akakita miguu, akazamisha mdomo hadi karibu na macho. Akawa anauzungusha, anautoa, anaurudisha. Kazi ilichukua muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Mikono yangu iliganda kabla yeye hajamaliza. Kisha akageuka nyuma mbele, akaweka ncha ya tumbo pale pale alipotoboa, akatulia. Yai moja. Akatembea hadi kishada kingine. Jike mmoja hutaga makumi ya mayai kwa namna hiyo, kila yai na tumba lake, kwa sababu chakula kilichomo ndani ya tumba moja kinamtosha mmoja tu.

Ila hawezi kutaga wakati wowote apendao. Tumba likiwa bado limefungwa na magamba yake magumu ya baridi, halimfai. Likishaanza kuonyesha wekundu wa petali, limempita. Anachohitaji ni kipindi cha katikati: magamba yamepasuka, ncha za kijani zimetokeza, vishada vinaanza kuonekana lakini bado vimebanana. Katika kipindi hicho hali ya hewa ndiyo inayoamua, kuliko hata idadi ya fukusi wenyewe. Machipuko yakiwa ya baridi ya kusuasua, matumba husimama pale pale kwa majuma, na kila jioni yenye joto kidogo jike anaongeza mayai. Machipuko yakija kwa kishindo, joto mfululizo, matumba hukimbia yakafunguka. Buu lililoanguliwa humo linakuwa halijapata muda wa kula mizizi ya petali na kuzifanya zikauke juu yake. Petali zinapanuka, paa linaondoka, na kiumbe kilichoumbwa kuishi gizani kinabaki wazi kwenye jua na upepo. Hapo hafiki mbali.

Nimeona majira yote mawili kwenye shamba lile lile. Yale ya baridi, upande wa msitu ulikuwa na vishada ambavyo karibu nusu ya matumba yake yalikauka. Yale ya joto, tulikuwa tumehesabu fukusi wengi zaidi mwezi wa Machi, tena kwa mbali, lakini maua yalipofunguka ilibidi kuyatafuta matumba ya kahawia. Tangu hapo, mtu akiniambia "mwaka huu fukusi ni wengi," swali langu la kwanza linahusu hali ya hewa inayotabiriwa kwa wiki mbili zijazo.

Kuwahesabu kwenyewe ni kazi ya mikono. Unachukua kitambaa cheupe kilichowambwa kwenye fremu, unakishika chini ya tawi, unaligonga tawi kwa fimbo iliyofungwa mpira ili usijeruhi gome. Gonga mara moja kwa nguvu, kisha tulia. Wengi hukosea hapa: wanagonga, wanatupa jicho, hawaoni kitu kinachotembea, wanahamia mti mwingine. Fukusi akishtuka hukunja miguu, akaanguka, akajifanya amekufa. Kwenye kitambaa anaonekana kipande cha gome au ganda la tumba. Mpe nafasi. Baada ya muda kipande kimoja cha gome kitanyoosha mguu. Chagua siku kavu, yenye joto la kutosha kuwafanya wawe juu mtini; asubuhi ya baridi utagonga shamba zima na kitambaa kitabaki cheupe, halafu utatoka hapo na faraja ya uongo. Na usisahau ukingo wa msitu.

Nafika sasa kwenye jambo ambalo naliona kubwa kuliko yote, na ambalo sikulisikia likisemwa vya kutosha nilipokuwa naanza. Idadi ya fukusi peke yake haina maana yoyote. Unatakiwa kuiweka kando ya idadi ya maua.

Mtufaha uliokomaa, ukichanua vizuri, unatoa maua mengi mno kuliko uwezo wake wa kulea matunda. Inatosha asilimia 5 hadi 10 ya maua hayo yashike ili mti ubebe mzigo kamili. Mengine yote yatadondoka: mengine hayatachavushwa, mengine yatashika kisha mti wenyewe utaviangusha vitunda mwezi Juni, na vitakavyobaki kwa ziada tutakuja kuvipunguza kwa mkono ili vilivyosalia vinenepe. Sasa mtu akiniambia fukusi amekausha tumba moja kati ya kumi kwenye mti kama huo, namwambia kwamba fukusi ametupunguzia kazi ya Julai. Simaanishi kumtetea. Ni hesabu tu. Kupulizia dawa kwenye mti huo ni kulipia matunda ambayo baadaye utalipia tena watu wayang'oe.

Chukua mti mwingine. Miti mingi ya matufaha ina tabia ya kubeba kwa kupokezana: mwaka mmoja inachanua ikafunikwa kabisa, mwaka unaofuata inatoa vishada vya kuhesabika kwa sababu nguvu zote ziliishia kwenye mzigo uliopita. Mti ukiwa kwenye mwaka wake wa kupumzika, kila kishada ni mali. Tumba moja kati ya kumi hapo ni tunda ulilokuwa unalitegemea. Vivyo hivyo kwa miti michanga, ile mifupi iliyopandikizwa juu ya mizizi ya aina ya M9, aina iliyochaguliwa hapa hapa Kent, kwenye kituo cha utafiti cha East Malling, mwanzoni mwa karne ya 20. Katika umri wao mdogo inakuwa na vishada vichache, na fukusi wachache tu wanaweza kuvimaliza.

Halafu kuna namna miaka hiyo miwili inavyoungana, nayo ilinichukua muda kuiona. Mwaka wa maua mengi, fukusi wana matumba tele ya kutagia, nasi hatuwajali kwa kuwa hasara haionekani. Wanazaana vizuri. Machipuko yanayofuata wanaamka wakiwa wengi kuliko kawaida, wanapanda mtini, wanakuta mti uko kwenye zamu yake ya kupumzika na matumba ni machache. Wengi sana juu ya kidogo sana. Mkulima anashangaa: mwaka jana walikuwepo na nilivuna vizuri, imekuwaje mwaka huu? Jibu lilikuwa linaning'inia mbele yake mwaka jana, rangi ya kahawia, kwenye vishada ambavyo hakuna aliyeona sababu ya kuvihesabu.

Kwa hiyo daftari langu la shamba lina safu mbili kwa kila kipande cha ardhi: nilichokuta kwenye kitambaa, na jinsi matumba ya maua yalivyo mengi au machache. Ya pili naijaza wakati wa kupogoa, kwa sababu ukishazoea unatofautisha tumba la ua na tumba la jani hata katikati ya baridi. La ua limenona, la mviringo, lina manyoya laini. La jani ni jembamba, limelala karibu na tawi. Kwa maana hiyo nusu ya uamuzi unaweza kuifanya Januari, mdudu mwenyewe akiwa bado amelala.

Kuhusu dawa, ni vizuri watu wajue historia. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia huyu alikuwa miongoni mwa wadudu walioogopwa sana katika mashamba ya matufaha ya Ulaya. Baada ya vita ikaja DDT, na kwenye mashamba ya biashara akatoweka karibu kabisa kwa miongo kadhaa, hata wataalamu wengine wakamhesabu kuwa mdudu wa vitabuni. Alirudi kadiri dawa zile kali zinazoua kila kitu zilivyoondolewa, akianzia kwenye mashamba ya kilimo hai. Chlorpyrifos iliondolewa kwa matumizi mengi hapa Uingereza mwaka 2016. Thiacloprid, iliyokuwa inatumika sana dhidi yake, ilinyimwa kibali kipya katika Umoja wa Ulaya mwaka 2020, na hapa Uingereza nako ikaondolewa. Sitamani zirudi. Nimefanya kazi kati ya mizinga ya nyuki msimu mzima. Najua tunda ninalolichuma Septemba limetoka kwa nani. Ninachosema ni kwamba kizazi cha wakulima kilikua bila kumwona mdudu huyu, na maarifa ya kumtazama yakapotea njiani. Ni maarifa hayo yanayotakiwa kurudi.

Na yeyote anayefikiria kupulizia baada ya kuona matumba ya kahawia ajue mambo mawili. Buu limejifungia ndani, dawa inayomwagika juu ya petali kavu haimfikii. Wakati huo huo, maua ya jirani yamefunguka na nyuki wako kazini. Utawaua waliokuja kukusaidia, na uliyemkusudia hatajua hata kama ulipita.

Kabla ya yote hayo, hakikisha ni yeye. Msimu mmoja alikuja kijana kujifunza kazi, na kwa bahati tulikuwa tunaelewana kwa Kiswahili. Asubuhi moja, baada ya usiku wa jalidi, alinionyesha tawi zima.

"Dada, haya yameungua na baridi."

"Yafungue kwanza."

Akafungua la kwanza. Akarudisha mkono haraka. "Kumbe kuna mtu ndani!"

Nikamwonyesha ua lililo jirani, zuri kabisa kwa nje, petali zimefunguka. Nikamwambia alitazame katikati. Pistili ilikuwa nyeusi tii. "Hilo ndilo lililoungua na baridi," nikamwambia. "Jalidi inaua moyo wa ua na kuliacha lichanue. Fukusi haliachi lifunguke kabisa." Tangu siku hiyo akawa ananiita kila akiona kitu cha ajabu, na mara kadhaa aliona kabla yangu. Kuna pia ukungu wa Monilia ambao hukausha maua, lakini wenyewe hukausha kishada kizima pamoja na majani yaliyokizunguka, yakaning'inia kama yamemwagiwa maji ya moto. Kwenye kazi ya fukusi majani hubaki ya kijani, na tumba lililokufa linakaa kati ya wenzake walio hai.

Nikija kwa maadui wake, hapa moyo wangu hufurahi. Kuna ndege wadogo sana, kichwa cha buluu na kifua cha njano, ambao wakati wa kulea makinda hupita kishada kwa kishada. Nimesimama chini ya mti nikimtazama mmoja akining'inia kichwa chini, akipasua tumba la kahawia ubavuni kwa mdomo, akatoa buu, akaruka. Maua mazima hakuyagusa. Tunawawekea visanduku vya kutagia kwenye nguzo na miti ya mpakani, na sijaona gharama ya shamba inayorudi haraka kuliko hiyo.

Wengine huwaoni mpaka uwatafute. Mwezi Mei huwa nachukua mkono mmoja wa matumba ya kahawia kutoka kila kipande, nayatia kwenye chupa ya kioo ya mdomo mpana, nafunika kwa kitambaa chepesi na kukifunga kwa mpira, naiweka kivulini. Baada ya wiki chache fukusi wanaanza kutoka, wekundu-kahawia wakiwa bado laini. Lakini hawatoki wao peke yao. Kwenye kitambaa wanaonekana pia nyigu wembamba, mabawa yanameremeta, kiuno kama uzi. Mmoja wao anaitwa Scambus pomorum, na jike wake hutoboa tumba lililokauka akataga juu ya buu lililomo; mtoto wake analila buu hilo na kuchukua chumba. Chupa moja kutoka upande wa vichaka vyenye maua ya kila namna hunipa nyigu wengi. Chupa kutoka safu zilizolimwa mpaka ukingoni, udongo mtupu, hunipa fukusi watupu. Sihitaji kuambiwa zaidi kuhusu faida ya kuacha vichaka.

Jambo hili lilifahamika zamani. Mwishoni mwa karne ya 19 Mfaransa aitwaye Decaux aliwashauri wakulima wasiyachome moto matumba waliyokusanya. Yeye aliyaweka kwenye masanduku yaliyofunikwa kwa shashi, na mara kwa mara akawa anaifunua ili nyigu waondoke zao warudi mashambani, fukusi wakibaki kufia ndani. Kila nikiifungua chupa yangu dirishani kuwaachia wale wembamba, namkumbuka.

Fukusi wetu ana ndugu zake, na tabia ya ukoo ni moja: mtoto ndani ya ua ambalo halijafunguka. Anthonomus piri wa mipea hutaga wakati wa vuli, hivyo mti unaingia kwenye baridi ukiwa tayari umebeba adui, na tumba zima hukauka hata kabla ya kuchipua. Anthonomus rubi wa stroberi ni mweusi na mdogo zaidi. Akishataga hukikata kikonyo kidogo chini ya tumba, nalo likanyauka likiwa linaning'inia. Aliyetikisa dunia ni Anthonomus grandis, fukusi wa pamba, aliyeingia Marekani akitokea Mexico mwaka 1892 kupitia Texas na kuwafilisi wakulima jimbo baada ya jimbo. Katika mji wa Enterprise, Alabama, walijenga mnara wa kumkumbuka mwaka 1919, kwa kuwa aliwalazimisha kuacha kutegemea pamba peke yake wakalima karanga. Nikilinganisha, huyu wetu wa mtufaha ni mpole. Ana kizazi kimoja tu kwa mwaka. Akiyakosa machipuko haya, hana nafasi ya pili mpaka machipuko yajayo. Na wewe pia huna.

Mwenye miti miwili mitatu nyuma ya nyumba hana haja ya chochote nilichoeleza kuhusu kitambaa na daftari. Maua yanapoanza kupukutika, pitia vishada, ng'oa kila tumba la kahawia, utie kwenye chupa yenye kitambaa. Fanya hivyo kabla ya Juni. Ukichelewa utakuta kila moja lina tundu la mviringo ubavuni, na fukusi mpya wamekwisha panda kwenye majani, wanayakwangua kwa chini na kuacha vidirisha vyembamba. Wakifika Julai wanaacha kula, wanatafuta pa kujificha. Zamani wakulima waliwafungia mashina mikanda ya magunia ili wajifiche humo, kisha wakaifungua na kuwaangamiza; leo kadibodi yenye mawimbi inafanya kazi hiyo hiyo, ingawa inanasa sehemu tu, kwani wengi wanaishia msituni.

Mwaka huu safu za upande wa msitu zimechanua kupita kiasi, na nimehesabu matumba ya kahawia mengi ambayo hayatatupunguzia hata kikapu kimoja. Mwenye shamba ameona matunda yanavyoshika, ameridhika. Nimemwomba tukubaliane mapema: tupunguze vitunda kwa ukali Juni hii ili miti isichoke ikakataa kuchanua, tuongeze visanduku vya ndege kabla ya baridi, na ikifika Machi nianzie kugonga matawi hapo hapo upande wa msitu, siku ya kwanza ya joto. Amekubali mawili ya kwanza. Hilo la tatu ameniambia tutazungumza Januari, nikishampelekea hesabu ya matumba ya maua.